Duka la Rochdale
Msikilizaji, leo tutazame duka dogo lililofunguliwa mjini Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844.

Wenyewe walikuwa watu 28 wa hali ya chini, baadhi yao wafumaji. Walidunduliza peni kwa peni hata wakapata pauni 28, wakaanza na unga, sukari na siagi.

Siku zile maskini wengi walikopa madukani. Na mwenye deni, hata akiuziwa unga wenye takataka, hunyamaza. Hawa walipima sawasawa, wakauza kwa fedha taslimu tu, na faida wakawagawia wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao.

Nawe mwenye duka, daftari lako lina majina mangapi ya unaowadai? Mtaji wako haukuibwa. Umelala katika nyumba za jirani zako.