Taifodi ya Mia Tatu na Ishirini

Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote kati ya Jangwani na Kariakoo, Dar es Salaam, utakiona hicho kikaratasi kilichokunjwa mara nne: TO 1:160, TH 1:320. Mwenye nacho humgeukia jirani, "Taifodi yangu imefika mia tatu na ishirini," kama anataja bei ya mchele. Akimaliza dozi na namba ikarudi mia na sitini, hushukuru kwamba inashuka. Mimi mwenyewe nimeshatembea na karatasi kama hiyo, nikijihesabu mgonjwa mahututi.

Namba hizo zilianzia Paris, mwaka 1896. Daktari Fernand Widal alichanganya maji ya damu ya mgonjwa wa homa ya matumbo na vijidudu vya ugonjwa huo, ambavyo Mjerumani Karl Eberth alikuwa amevitambua mwaka 1880. Vikagandana. Max von Gruber na Herbert Durham waliliona jambo hilohilo mwaka huo huko Vienna, lakini Widal ndiye aliyelipeleka kitandani kwa mgonjwa, na jina likabaki lake.

Herufi O na H zilikuja baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Edmund Weil na Arthur Felix, wakichunguza kijidudu kingine, waliona chenye mikia kikitambaa juu ya sahani mithili ya pumzi kwenye kioo. Pumzi hiyo kwa Kijerumani ni "Hauch", ndiyo H. Kisicho na pumzi, "ohne Hauch", kikawa O.

Siku hizi kazi ni ya dakika chache. Tone la maji ya damu, tone la dawa ya buluu kwa O, jekundu kwa H. Mpimaji anatikisa taratibu na kuangalia kama kumekatika mithili ya maziwa yaliyoharibika. Namba inaonyesha maji ya damu yamezimuliwa mara ngapi na bado yanagandisha. Inapima wingi wa kingamwili, basi. Ukali wa homa haumo.

Na kingamwili hazisahau haraka. Hubaki baada ya kupona, huamshwa na chanjo, na vijidudu vingine vya ukoo huo, hata malaria, huweza kuzichokoza. Sasa fikiria aliyekulia Bonde la Msimbazi, mto unaoshuka kutoka Pugu na kupita kando ya vyoo vya mashimo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Hata mabasi ya mwendokasi yameshafukuzwa na maji kwenye depo ya Jangwani. Damu ya mtu wa hapo ina mengi ya kukumbuka.

Utafiti wa watoto waliolazwa Muheza, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika kila wanne walioambiwa na kipimo cha Widal wana taifodi, takriban mmoja tu ndiye aliyethibitishwa kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu.

Hata hivyo, kuna maradhi mengine ya utumbo ambayo kingamwili hudokeza ukali wake. Katika ugonjwa wa Crohn, wenye kingamwili nyingi dhidi ya hamira na vijidudu vya tumboni huelekea zaidi kupata utumbo uliobana au kutoboka. Pengine ndiyo maana kosa letu la kuisoma namba kama ukali wa homa linasameheka.

Kuotesha damu huchukua siku kadhaa. Hospitali ya Muhimbili iko hapo juu tu, lakini mama mwenye mtoto anayechemka usiku wa manane huenda dirisha lililo karibu, na dirisha hilo lina Widal.