Tope la Davyhulme

Mgeni akifika kwenye mabwawa yetu ya majitaka, kabla hata hajaziba pua, huuliza tunatia dawa gani. Hatutii dawa. Kazi yote ni ya bakteria, na waliotufundisha kuwatunza ni mafundi wawili wa Manchester, Uingereza.

Mwaka 1912 mkemia Gilbert Fowler alitembelea kituo cha majaribio cha Lawrence, Massachusetts, akakuta majitaka yakipulizwa hewa. Aliporudi Manchester akawatuma Edward Ardern na William Lockett wajaribu katika mtambo wa Davyhulme. Wakajaza majitaka kwenye chupa, wakazifunika kwa karatasi ya kahawia ili mwani usiote. (Sisi huku mwani ni rafiki, ndio unaoyapa mabwawa hewa.) Wakapuliza kama wiki tano ndipo maji yakatakata. Mji gani ungeweza kusubiri wiki tano?

Basi wakamwaga maji ya juu, tope la chini wakaliacha, wakajaza majitaka mengine. Safari hii muda ulipungua. Wakarudia, tope ni lilelile, mpaka saa 24 zikatosha. Kumbe uchafu uliokuwa ukisumbua kila mtu ndio uliobeba jeshi la kuusafisha. Aprili 1914 wakawasomea wakemia wenzao matokeo yao, na miji mingi mpaka leo inasafisha majitaka yake kwa tope la namna hiyo.

Mimi nalisifu tope, lakini silipi sifa za uongo. Bakteria hula kinachowashibisha. Mwaka 1953 huko Basel, Uswisi, ilitengenezwa karbamazepini, dawa ya kifafa iliyookoa wengi. Mgonjwa akimeza kidonge, sehemu yake hutoka na mkojo, na kwenye lita moja ya majitaka unakuta mikrogramu chache tu. Chakula gani hicho? Tena molekuli yenyewe ni ngumu kuvunjika. Inaingia kwenye tope na kutoka karibu kama ilivyoingia, mpaka mtoni.

Waswisi wenyewe ndio waliolivalia njuga jambo hili. Mtambo wa Neugut, Dübendorf, ulianza mwaka 2014 kupitisha ozoni kwenye maji yaliyokwisha kutoka kwa bakteria, na mwaka 2016 sheria ikaibana mitambo mingine iliyoteuliwa iongeze hatua ya aina hiyo. Ozoni huikatakata karbamazepini, ila haimalizi vipande. Kwa hiyo maji hupelekwa kwenye kichujio cha mchanga, ambako bakteria hupokea vile vipande wanavyoviweza.