Nasaba Juu ya Jiwe: Makaburi ya Kale ya Pwani kama Matini ya Kihistoria

Katika mahame ya Gedi, karibu na Malindi, lipo kaburi linalojulikana kwa tarehe yake. Limechorwa mwaka wa 802 wa Hijra, na tangu James Kirkman aanze kuufukua mji huo mwaka wa 1948, tarehe hiyo imekuwa tegemeo la kukadiria umri wa majengo ya jirani. Wataalamu huliita Kaburi lenye Tarehe, na jina hilo lenyewe linafichua tatizo la anayetafuta ukoo makaburini: jiwe limehifadhi wakati, si mtu. Hata wakati huo unadai uangalifu. Mwaka wa 802 ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Anayejumlisha 622 bila kukumbuka kwamba mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa jua hupata 1424, kosa la karibu kizazi kizima.

Pale ambapo jina limeandikwa, aghalabu huandikwa kwa Kiarabu na kufuata mfululizo wa fulani bin fulani bin fulani, pengine hadi nisba ya kabila au mji. Orodha ya awali ya maandishi ya Kiarabu ya pwani, iliyochapishwa na G. S. P. Freeman-Grenville na B. G. Martin mwaka wa 1973, ingali mahali pazuri pa kuanzia. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuisoma nasaba ya kaburini kama anavyozisoma Khabari za Pate. Ni utungo wenye kaida zake, hadhira yake na dai lake. Aliyeamuru jiwe lichongwe alikuwa hai, na ndiye aliyeamua orodha iishie kwa babu yupi. Nisba, kwa hiyo, ni hoja ya walio hai kuhusu cheo, ndoa na haki ya kukaa mahali.

Kaida hiyo ina pengo kubwa, nalo ni mama. Mfululizo wa bin hupitia kwa wanaume. Mwanamke mwenyewe, akipata jiwe lenye jina, hutambulishwa kuwa binti wa baba yake. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka wa 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama vile Manda, Mtwapa na Kilwa. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya uliosalia ilitoka Asia, Uajemi hasa, kupitia wanaume. Kuchanganyika huko kulikuwa kumekwisha kuanza kufikia mwaka wa 1000 hivi. Matokeo haya hayayabatilishi madai ya Ushirazi, kama ilivyokuwa desturi ya wasomi fulani kuyabeza. Yanaonyesha kwamba madai hayo yalikuwa ya kweli kwa upande mmoja, na kwamba upande wa pili haukuwa na mahali katika kaida ya uandishi. Watumwa na mafukara hawakupata hata jiwe lisilo na jina.

Lakini kwa nini makaburi mengi ya fahari, yale yenye minara, hayakuandikwa jina? Jibu moja limo katika bakuli za kauri za Uchina zilizopachikwa juu yake. Nyingi zimebanduliwa, yakabaki mashimo ya mviringo katika lipu. Bakuli huthibitisha tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya chombo kufinyangwa. Hapa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ina msaada ambao wahakiki, waliozoea kuisoma kama mawaidha, wameutumia kwa uchache. Mshairi anaonyesha madaka ya nyumba za Pate, yaliyopangwa kauri zamani, yakiwa makao ya ndege. Kauri iliyopamba daka ndiyo iliyopamba kaburi. Hadhi ya mwenye nyumba ilimfuata kaburini, ikasomwa na mpita njia bila herufi. Yamkini jina halikuandikwa kwa sababu mjini hapakuwa na asiyelijua. Lilipotea wenyeji walipohama.

Si kila mahali walikohama ambako walisahau. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ulihamwa katika karne ya 17. Wakazi wa Shela, ng'ambo ya maji katika kisiwa cha Lamu, huhesabu wahenga wao huko, na kwa vizazi wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara la mji huo. Uhusiano huo hautunzwi kwa kuhesabu bin moja baada ya nyingine. Unatunzwa kwa ziara. Mtafiti anayefika Takwa kunakili maandishi peke yake ataondoka na machache. Inampasa avuke pia hadi Shela, awaulize wazee, na zaidi mabibi, ni nani huyo wanayemwendea na kwa upande wa nani.