Tairi la baiskeli kwa njia za Sekei: lipi linashika, lipi linadumu

ARUSHA. Ukipanda kutoka Sekei kuelekea miteremko ya Mlima Meru, lami inaisha mapema. Baada ya hapo ni moramu, mawe yaliyochomoza, mizizi, na udongo wa volkano ambao kiangazi ni vumbi kama unga na masika ni utelezi mtupu.

Kupanda ni jasho tu. Hatari iko kwenye kushuka, na hapo kinachomshikilia mwendeshaji ardhini ni tairi mbili, basi. Haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kutoa hela.

Soma namba za ubavuni

Baiskeli nyingi za milimani zina ringi za inchi 26, 27.5 au 29. Lakini inchi zinadanganya. Tairi la 26 x 2.10 na la 26 x 1 3/8 yote dukani yanaitwa "ishirini na sita", ila hayaingiliani. Na lile la 28 x 1 1/2 la Phoenix linakaa kwenye ringi kubwa kuliko ya 29 ya milimani.

Namba ya kuamini ni ya milimita, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi linapokaa:

• 559: inchi 26 ya milimani
• 584: inchi 27.5
• 622: inchi 29
• 590: 26 x 1 3/8
• 635: 28 x 1 1/2

Namba ya pili lazima ilingane na ya tairi la zamani. Ikipishana, usinunue hata kama muuzaji anasema litaingia.

Upana na meno

Kwa njia mbovu, upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 unafaa. Pima kwanza nafasi kwenye fremu na foku. Tairi likigusana karibu na chuma, tope la masika litajaa hapo na gurudumu litagoma kuzunguka.

Kuanzia Machi hadi Mei, meno marefu yaliyoachana ndiyo yanayotema tope. Kiangazi, meno ya wastani yaliyosogeleana katikati yanatembea vizuri zaidi kwenye ardhi ngumu. Misimu yote, angalia meno ya pembeni: hayo ndiyo yanayoshika unapolala kwenye kona.

Mpira laini unashika jiwe lenye maji vizuri, ila unaisha haraka kwenye lami. Mpira mgumu unadumu, lakini unateleza.

Ubavu ndio unaokufa kwanza

Kwenye mawe, tairi mara nyingi huchanika ubavu kabla meno hayajaisha. Pancha inazibwa kwa kiraka. Ubavu uliochanika unaweza kukurudisha nyumbani kwa miguu. Tafuta tairi lenye ubavu ulioongezewa kinga. Maxxis, kwa mfano, huandika EXO kwenye yale yenye kinga hiyo. Linakuwa zito kidogo, ila linalipa.

Hela ikitosha tairi moja zuri

Liweke mbele. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza, unaanguka kabla hujajua kimetokea nini. Nyuma weka lenye mpira mgumu, maana huko ndiko uzito na msuguano wa kupanda unakokaa.

La nyuma likiwa kipara, hamishia la mbele nyuma na jipya lifunge mbele. Usifanye kinyume. Wakati wa kufunga, fuata mshale ulioko ubavuni.

Ukinunua baiskeli ya mtumba

Meno kuwa marefu si ushahidi kwamba tairi ni zima. Mpira ukikaa stoo miaka mingi unakauka. Likunje ubavu kwa vidole: ukiona nyufa ndogondogo au nyuzi zimetokeza, hilo ni la kubadilisha kabla ya kupanda mlima.

Upepo

Tairi zuri lililojazwa hadi likawa jiwe halishiki kitu. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.2 lenye tyubu anaweza kuanzia PSI 30 mbele na 33 nyuma, kisha apunguze au aongeze kidogo kidogo.

Tyubu itamwambia kama amepunguza mno: ikitoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue ringi iliibana kwenye jiwe. Tundu moja dogo kwa kawaida ni mwiba. Kabla ya kufunga tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi uutoe, la sivyo pancha itarudi siku hiyohiyo.