Pilau Yetu na Pilav ya Waturuki

Juzi nampima gauni bi harusi mmoja wa Mbagala, akaniambia walima yake anataka chakula cha Kituruki kama cha kwenye tamthilia. Pilau ameichoka.

Mpenzi, pilav ya Waturuki na pilau yetu ni ndugu. Jina limetoka Uajemi. Inasimuliwa kwamba Mahmud Pasha, waziri mkuu wa sultani aliyeiteka Istanbul mwaka 1453, alificha punje za dhahabu kwenye pilav. Mgeni akiipata, ni yake.

Na sisi tusijidharau. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, mchuzi wa nyama, kuku na samaki, na achari ya ndimu. Karne ya 19 karafuu ikashamiri Zanzibar, ikaungana na bizari, iliki na mdalasini kwenye sufuria zetu.

Basi baklava weka mezani, inapendeza. Ila pilau usiiondoe. Kabla ya harusi kaa jikoni na bibi yako, umwangalie anavyokaanga vitunguu mpaka vigeuke rangi. Hakuandika popote, na akiondoka, anaondoka nayo.