Mateso na Ukombozi katika Ufipa: Maisha ya Adrian Atiman

Wenyeji wa Sumbawanga hupenda kueleza kwamba jina la mji wao ni amri: kila aingiaye na autupe kwanza uchawi wake. Iwapo hiyo ndiyo asili ya jina au siyo, maelezo hayo yanaonyesha namna moja ya kale ya kuyakabili mateso. Mtu akipatwa na msiba, huuliza ni nani aliyeuleta. Dini ya Kikristo ilipopanda kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika kwenda uwanda wa juu wa Ufipa, ilileta swali jingine: msiba umekwisha kufika; je, utafanywa nini? Ni wachache waliolijibu swali hilo kwa muda mrefu kama Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema, ambaye hakuwa Mfipa wala mzaliwa wa Afrika ya Mashariki.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Angali mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akafikishwa Aljeria, na huko akanunuliwa na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868. Kusema alinunuliwa si kosa, maana mali ilitoka mkono mmoja ikaingia mkono mwingine. Lakini wamisionari hawakulipenda neno hilo. Wao walisema kwamba walimkomboa.

Kiswahili kina ushahidi wake katika jambo hili. Mtu aliyeweka jembe lake rehani hulikomboa. Mtumwa aliyelipiwa thamani yake hukombolewa. Na Kristo huitwa Mkombozi. Neno ni moja, na waalimu wa dini walilitumia pasipo kulifafanua, kwa kuwa lilijieleza. Walakini jembe likikombolewa hurudi nyumbani kwa mwenyewe, na Atiman hakurudi kwao. Waliomlipia walimlea, wakambatiza, wakampeleka kisiwani Malta kujifunza utabibu, kwa kuwa Lavigerie alitaka vijana Waafrika waliotoka utumwani wawe matabibu na wakati huohuo waalimu wa dini katika bara lao. Shauri hilo lilikuwa la hekima. Hata hivyo kijana hakuwa ametunga shauri hilo mwenyewe. Ukombozi wake ulikuja na kazi iliyokwisha kuchaguliwa na wengine. Aandikaye habari zake akalificha jambo hili huipunguza heshima ya mtu huyu, kwa sababu heshima yake imo katika yale aliyoyafanya ndani ya nafasi finyu aliyopewa.

Mwaka 1888, mwaka ambao Lavigerie alihubiri katika miji ya Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa, Atiman alianza safari ya kwenda Tanganyika. Mwaka 1889 aliwasili Karema. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini utekaji wa watu barani ulikuwa haujakoma. Mtu aliyetekwa utotoni alikuwa sasa akiishika njia ya misafara kwa kuelekea kinyume na mateka: wao waliteremka pwani, yeye alipanda kwenda kule walikotoka.

Karema ilikuwa ngome kabla ya kuwa misheni. Ilijengwa mwaka 1879 na Cambier, Mbelgiji, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ndani na kando ya kuta zake waliishi watoto na watu wazima waliokombolewa, wengine kwa nguo, wengine kwa kuwakimbia mabwana wao. Msomaji aliyekulia Ufipa ataelewa upesi ugumu wa hali yao. Katika nchi ambayo mtu hutambulikana kwa baba, mjomba na kijiji chake, hawa hawakuwa na wa kuwataja. Hawakuwa na mzee wa kuwaposea wala wa kuwazika. Wao ndio waliokuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa upande huo. Mafundisho kwamba binadamu wote wana Baba mmoja yaliwafikia, basi, kama habari ya ukoo kwanza, na habari ya mbinguni baadaye.

Kati ya watu hao Atiman alitibu kwa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Serikali ya Wadachi ilikuja ikaondoka, Waingereza wakashika nchi, vita viwili vikuu vikapita. Yeye alibaki palepale, akitibu na kufundisha dini. Alimwoa Agnes, binti wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Jina hilo pengine ni bahati tu, lakini ni vigumu kutomkumbuka Yosefu wa Biblia, aliyeuzwa na nduguze akapelekwa Misri, na baadaye akaokoa watu katika njaa.

Mfano huo una hatari yake, nao umetumiwa mno mimbarini. Yosefu alimwona tena baba yake. Atiman hakupewa faraja hiyo. Tena Yosefu hakusema kwamba uovu wa nduguze ulikuwa wema. Aliuita uovu, kisha akamshukuru Mungu aliyeugeuza. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kunena kwamba Mungu alimtia mtoto utumwani ili Karema ipate daktari ni kumsingizia Mungu na kumwachilia mwizi. Haki ya kusema kwamba mateso yamezaa maana ni ya yule aliyeteswa, na mwenzake hawezi kumsemea. Atiman aliitumia haki hiyo mwenyewe: habari za maisha yake, kwa maneno yake, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, alipokuwa akikaribia miaka themanini. Bila maandishi hayo angebaki katika barua za mapadre kama kielelezo cha wema wao.

Kutoka Karema imani ilipanda uwandani. Askofu Lechaptois alianzisha mwaka 1907 shirika la masista Waafrika, na vizazi vilivyofuata vya Wafipa vilitoa mapadre na waalimu wengi. Jimbo la Karema liliundwa mwaka 1953. Mwaka 1969 likapewa jina la Sumbawanga, maana kitovu cha Kanisa kilikuwa kimekwisha kuhamia mlimani. Mwaka 2012 Karema yenyewe ilitengwa na Mkoa wa Rukwa, ikaingia Katavi. Hivyo mtoto wa Sumbawanga asomaye katekisimu leo hulikuta neno Mkombozi kwanza kanisani, na pengine asijue kamwe kwamba liliwahi kuwa na bei. Wazee wa Karema walilijua kwa mpango mwingine: bei kwanza, iliyohesabiwa kwa nguo mbele ya macho yao, na Kristo baadaye.