Zile namba kwenye vepu zilitoka wapi? Wadau wa Tunduma, someni hapa

Madereva wa semi wanaopanga foleni Tunduma kuvuka kwenda Nakonde wanajua tofauti ya gia za mkono na gia zinazojibadili zenyewe. Historia ya vepu ndiyo hiyo hiyo.

Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa China alibuni sigara ya umeme iliyokuja kuenea duniani. Zile za mwanzo hazikuwa na cha kupandisha wala kushusha. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, ikichoka inashuka, na mvuke nao unafifia. Wavutaji wakachoka, wengine wakaanza kujiundia za kwao kwa magamba ya tochi.

Ndipo zikaja za kuchagua volti. Hizo ni gia za mkono: volti 4 kwenye koili ya omu 2 zinatoa wati 8, lakini kwenye koili ya omu 1 ni wati 16. Ukibadili koili ukasahau kushusha volti, pamba inaungua. Baadaye zikaja za wati: unachagua moto unaoutaka, kifaa kinapima koili na kupanga volti chenyewe.

Moto huo si mchezo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima mvuke: kwenye volti 3.3 hawakuona kemikali zinazotoa fomalidehaidi, kwenye volti 5 wakazikuta. Kwa hiyo usizidishe wati zilizoandikwa kwenye koili. Na hata ukizishusha, nikotini bado imo, na uraibu wake uko pale pale.